Duara la Kahawa

Walisahau kukunja ramani.
Saa tano usiku, ndoo mkononi na tambara begani,
nafuta meza ya madiwani wa Vigo,
na hapo ndipo nilipouona mtaa wetu
umekaliwa na kikombe.

Alama ya kahawa, duara kavu la hudhurungi,
toka kanisa la juu hadi mferejini kwa Eladio,
na ndani yake hapakupita mstari.
Wa bluu uliishia hospitalini.
Wa kijani uliteremka bandarini, kwenye meli za watalii,
kila dakika saba.
Basi letu, namba ishirini na tisa,
lililonibeba na mimba mbili na jokofu moja
(Suso dereva alisema, "Jokofu nalo lilipe nauli"),
halikufutwa.
Halikuchorwa tu.

Nilisugua. Duara likatoka.
Basi halikurudi.

Kijitabu kando ya ramani kilisema kutembea ni afya.
Aisifuye mvua imemnyea:
aliyeandika hayo hajapanda Pedreira mwezi wa Novemba
na kilo tano za viazi,
ngazi mia mbili na kumi na nne,
upepo wa bahari ukimsukuma mgongoni kama mdai.
Obdulia husafishwa damu Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Akitoka huko miguu si yake.

Maoni ya wananchi yalizingatiwa, kilisema pia.
Sanduku la maoni ni mimi ninayelipangusa vumbi.
Kufuli lake limeshika kutu.

Ratiba mpya ikaanza Jumatatu.
Mkutano wa kuijadili ukaitwa Alhamisi, saa moja jioni.
Tulishuka watu thelathini na mmoja, miavuli ikigombana,
kwa barabara ya mzunguko, si kwa ngazi,
maana Obdulia alikuwa juu ya toroli la mikate la Fermín,
amejifunika plastiki, anatuelekeza mashimo.
Husemwa aliye juu mngoje chini.
Sisi wa juu tulifika chini saa mbili kasoro robo
na hapakuwa na aliyetungoja.
Mlinzi akasema, samahani, kikao kimefungwa,
hakuna mwananchi aliyejitokeza,
imeshaandikwa.

Mlinzi hana ufunguo wa ukumbi.
Mimi ninao.

Sikupanga. Mkono uliingia mfukoni wenyewe.
Mlinzi akatazama viatu vyake, kisha akatazama mvua,
kisha akakumbuka ana kazi upande wa pili wa jengo.
Wakaingia wakivuja maji,
wakakalia ngozi nyekundu ya viti
nilivyovipaka nta miaka kumi na sita bila kuvikalia.
Fermín alichagua cha meya, akaona kinabonyea, akahama.
Tulidhani tungesema mengi.
Mtu akauliza choo kiko wapi.
Mwingine akasifu dari.
Obdulia ndiye aliyegonga kipaza sauti, tu, tu,
akataja jina lake lote, na la mama yake,
na namba ya kituo chetu: mia nne na kumi na mbili.
"Naomba iandikwe," akaviambia viti.
Akanyamaza. Obdulia hasemi jambo mara mbili,
hata kwa mumewe, Mungu amrehemu, aliyekuwa kiziwi.

Walipotoka nilibaki mlangoni.
Tope la Pedreira lilikuwa kila mahali,
chini ya meza, chini ya bendera,
hata kwenye zulia ambalo huwa naingia nimevua viatu.
Na alama mbili za magurudumu, sambamba,
zimeukata ukumbi toka mlangoni hadi kiti cha meya,
zikapinda, zikarudi.
Ndoo ilikuwa imejaa. Tambara lilikuwa kavu.

Nilizima taa.
Nje walikuwa bado wananingoja, wote,
na Fermín ameshashika toroli,
ameligeuza kuelekea mlimani.